Mafumbo ya Hesabu Mlangoni pa Jiko

Rehema, juzi uliniuliza swali ukiwa umeshika mwiko, nami nikakujibu nusu kwa sababu uji ulikuwa unapanda. Ulitaka kujua kwa nini watoto wa darasa la nne wakipewa ujumbe jikoni hawaondoki. Wanasimama pale mlangoni, wanasema tena kile walichoambiwa, ndipo wanakimbia. Ukasema siku zako za kwanza ulidhani shule hii ina watoto wazito wa kusikia. Sasa nimestaafu, muda ninao, na wewe na Anna ndio mmebaki na masufuria. Nakuandikia jibu zima. Mahali nitakapokwenda mbali, ruka, ila ukiruka usije ukaniuliza tena.

Habari za mshahara siziweki humu. Hazijazi hata mstari.

Mimi nilizaliwa Hasamba, kwenye kahawa, nikasoma mpaka darasa la nne, nikaolewa Tunduma. Nilikuja na Kinyiha changu na Kiswahili cha kanisani, ambacho ni kizuri kwa kuomba lakini hakikusaidii kununua mafuta ya taa. Nyumba niliyoolewa ni ya Wanamwanga. Kinamwanga nilifundishwa na mama mkwe, kwa njia ya kuagizwa vitu nisivyovijua na kuchekwa nilivyoleta. Mwaka mzima nilikuwa mtu mzima nyumbani kwetu na mtoto mdogo nyumbani kwa mume wangu. Hilo naliandika kwa sababu baadaye lilinisaidia kumtazama mtoto mmoja bila kumwita mjinga.

Kazi ya jiko la shule nilianza wanangu walipokuwa wakubwa. Aliyenipokea ni Bibi Nalwimba. Wewe ni wa kutoka mbali, kwa hiyo nikuambie: kwa Wanamwanga mwanaume wa ukoo wake ni Silwimba, mwanamke ni Nalwimba. Ukilijua jina la kaka umelijua la dada, unapunguza kazi. Bibi Nalwimba alikuwa mfupi, na mwiko wake ulikuwa unampita kichwa. Siku ya kwanza alinitazama nikimwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka, akaniacha nimwage wote, kisha akasema, "Haya, sasa watoto watakula mawe." Ndipo akanionyesha: unga unakorogwa kwanza pembeni na maji ya baridi, kwenye ndoo, mpaka ulainike, ndipo unamiminwa taratibu mwenzako akikoroga. Nimekuona unafanya hivyo. Usiache. Na chumvi ya maharage subiri yaive.

Wiki ile ile nilifanya kosa la pili. Nilimtuma mtoto mmoja, Fanueli wa kwa mzee fundi baiskeli, nikamwambia, "Nenda kwa mwalimu wa stoo, mwambie atupe maharage ya leo tu, ya kesho yabaki huko mpaka mahindi yafike." Fanueli akaondoka kama upepo. Akarudi na toroli, na wenzake wawili wakisukuma, na gunia zima juu yake. Alikuwa anatabasamu.

Bibi Nalwimba akaweka mwiko chini. "Enesi, ulimtuma mtoto au ulitupa jiwe?"

"Nilimwambia vizuri, mama."

"Wewe ulisema vizuri. Yeye aliondoka amebeba nini kichwani? Ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Na aibu yenyewe ni kwamba jambo hilo nililijua. Kwetu Hasamba mtoto anayetumwa kwa watu, hasa kwenye habari za msiba au za posa, haondoki uani mpaka ameurudisha ujumbe kwa mdomo wake, kwa maneno yake mwenyewe, mkubwa akisikiliza. Akikosea anaambiwa upya. Sijui kwa nini nilidhani watoto wakivaa sare wanasikia tofauti. Tangu siku ile hakuna mtoto aliyetoka jikoni kwangu na ujumbe bila kuurudisha. Fanueli mwenyewe alikuwa wa kwanza, na alirudisha gunia pia.

Bibi Nalwimba aliacha kazi akapumzika, mafiga yakaondoka, likaja jiko banifu unalotumia sasa, nami nikawa ndiye mkubwa wa jiko. Naruka miaka, maana mingi ilikuwa ni uji tu.

Nikufikishe kwa Memori.

Memori alizaliwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mama yake alimleta kwa dada yake, Mama Beatrisi, yule anayeuza vitenge karibu na mpaka. Nyumbani alikuwa ameongea Kinamwanga na Kibemba, na shule yake ya kule ilikuwa imempa Kiingereza kidogo. Kiswahili alikiokota sokoni. Alijua kusema bei, punguza, ongeza, wewe mwizi. Walimwingiza darasa la nne, mtihani wa mwisho wa mwaka ukamwangusha, akakariri. Nilipomfahamu vizuri alikuwa anasoma darasa hilo mara ya pili, mrefu kuliko wenzake, anakaa nyuma.

Mama Beatrisi alikuwa anafungua banda mapema, hivyo mtoto alifika shuleni kabla ya kengele, akaja kuota moto. Mwezi wa sita Tunduma unaujua ulivyo kwa baridi. Alikuwa ananiita "bamayo", kama wanavyowaita mama zao kule, akichuchumaa, mikono yote miwili ikielekea motoni. Mimi sipendi mtu akae bure mbele ya moto wangu, nikamwambia anisaidie kuhesabu sahani. Nikamwuliza kwa Kinamwanga: darasa hili lina watoto hamsini na wanane, lile sitini na saba, nitoe ngapi? Hata hakugeuza kichwa. "Mia moja ishirini na tano," akasema, "na kama mwalimu wa zamu anakula, ishirini na sita."

Nikajua huyu ana kichwa.

Sasa siku moja Mwalimu Kibona akaja kunywa chai. Mwalimu Kibona ni mtu wa Itumba, Ileje, mwanamke mwembamba anayefundisha hesabu darasa la nne. Akakaa kwenye kile kigoda, akashusha pumzi. "Bibi Enesi, kuna mtoto ananichanganya. Nikimpa namba tupu, kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, anapata zote. Tukifika kwenye mafumbo, karatasi nyeupe. Haandiki hata kosa."

Anna naye ataniuliza mafumbo ni nini, kwa hiyo naeleza. Si vile vitendawili vya kuchekesha. Ni zile hesabu zilizovaa maneno: mtu fulani alikuwa na kitu fulani, kikatokea hiki, je amebaki na ngapi.

"Mtoto gani, mwalimu?"

"Memori."

Nikacheka. "Memori? Huyo anahesabu sahani zangu kuliko mimi."

Mwalimu hakucheka. Alitoa karatasi akanisomea fumbo moja. Mama Asha alikuwa na mayai ishirini na manne, akayapanga kwenye trei ndogo, kila trei mayai sita, alipata trei ngapi? Nikamwita Memori aliyekuwa anasuuza ndoo. Nikamwambia habari ile ile kwa Kinamwanga. "Nne," akajibu, akaendelea kusuuza.

Unaona furaha niliyopata. Nilidhani nimeponya ugonjwa. Nikamwambia mwalimu, "Basi kazi imekwisha. Mpe kwa Kinamwanga."

"Bibi," akasema taratibu, "kwanza mimi ni Mndali, Kinamwanga chenyewe sijui. Pili, siku ya mtihani wewe utaingia naye chumbani?"

 Nikaenda kuchochea moto, na moto ulikuwa haudai kuchochewa.

Jioni ile nikapita bandani kwa Mama Beatrisi. Nilitaka nimsifie mtoto. Alikuwa anakunja vitenge. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, mimi si mbaya. Lakini nina wanne wangu. Mwaka huu akikariri tena namrudisha Nakonde kwa mama yake akalee wadogo zake. Nimekwisha kumwambia."

"Na shule?"

"Shule ipi tena, mama? Darasa lile lile mara tatu?"

Memori alikuwa amekaa nyuma ya vitenge anamenya njugu. Alikuwa anasikia kila kitu. Tulikuwa tunaongea Kinamwanga, na hicho alikielewa vizuri sana.

Tangu hapo nikawa sitaki kuliacha jambo lile. Lilikuwa linanikera kama kipande cha nyama kwenye jino. Kama tatizo ni lugha, basi watoto waliozaliwa ndani ya Kiswahili wanayapata mafumbo yote. Nikamwuliza Mwalimu Kibona. Akanijibu, "Hapo ndipo sielewi, Bibi. Baraka hayapati."

Baraka ni mtoto wa yule karani wa mizigo. Nyumbani kwao ni Kiswahili asubuhi mpaka jioni, baba mtu wa Morogoro, mama mtu wa Tanga. Baraka alikuwa anaongea mpaka unatamani kumlipa anyamaze. Basi naye, akipewa fumbo, anakosa. Lakini tofauti na Memori, yeye anaandika jibu haraka sana, wa kwanza darasani.

Siku ya pili yake darasa lile lilikuwa limepanga foleni ya uji, Baraka mbele. Nikaamua niwajaribu, kwa utani tu. Nikasema kwa sauti, "Sikilizeni fumbo la Bibi. Nina ndoo saba za mahindi na mizigo minane ya kuni. Je, Bibi ana watoto wangapi?"

"Kumi na tano!" Baraka akapiga kelele. Na foleni nzima nyuma yake, "Kumi na tano!"

"Mungu wangu! Kumi na tano, amewazaa nani?"

"Wewe, Bibi!" Wakacheka mpaka uji ukamwagika.

Nilicheka pia, lakini nikatazama nyuma ya foleni. Memori hakuwa anacheka. Alikuwa amekunja uso. Alipofika kwangu na kikombe chake aliuliza kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Bamayo, mahindi na watoto... iko wapi njia?"

Nikamjibu, "Hakuna njia. Bibi anacheza."

Akatoa pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Nilifikiri mimi tu sielewi."

Nilimsimulia Mwalimu Kibona, akaweka kikombe chini.  Akasema, na haya ni maneno yake, mimi nisingeyapata: "Kumbe ni wagonjwa wawili tofauti. Baraka anajua kila neno, kwa hiyo hasomi. Anaokota namba mbili, anatafuta alama ya kuweka katikati. Memori anasoma kila neno, akikuta moja asilolijua anasimama hapo hapo kama lori lililokosa karatasi mpakani. Mmoja anapita bila kuona, mwingine haruhusiwi kupita."

"Dawa yake?"

"Sijui, Bibi. Sisi wenyewe tuliwafundisha hivyo. Ukiona 'jumla', jumlisha. Ukiona 'amebaki', toa. Tuliwafundisha kuwinda neno, si kusikiliza habari."

Tukakaa pale wote wawili hatujui. Ni jambo zuri kukaa na mwalimu asiyejua, ukimpata wa kukiri.

Ikawa hapo hapo akaja mtoto mmoja, nikamtuma kwa mwalimu wa stoo. Nikamwambia aombe sukari ya madarasa ya chini tu, na aulize kama maharage mapya yamefika, yakiwa hayajafika arudi na chumvi. Yule mtoto, bila kuambiwa, akasimama mlangoni akasema, "Naenda stoo. Naleta sukari ya wadogo. Naulizia maharage. Kama hayapo, chumvi." Akakimbia.

Mwalimu Kibona alikuwa ameshika kikombe hewani.

"Bibi, kwa nini amesema tena?"

"Ndiyo desturi ya humu. Asiporudisha ujumbe haondoki."

"Na akisema vibaya?"

"Namwambia upya. Lakini sasa najua alipopotelea."

Akarudia polepole, "Sasa najua alipopotelea." Akaondoka na kikombe changu. Nilikifuata mwenyewe saa ya mapumziko.

Wiki iliyofuata nikaanza kusikia kelele darasa la nne kama mnada wa ng'ombe. Mwalimu Kibona alikuwa ameweka sheria mpya: fumbo likisomwa, penseli zote mezani. Hakuna kugusa namba mpaka mtu amemgeukia jirani na kumsimulia nini kimetokea humo ndani, kwa maneno yake, bila kutazama ubao. Nilikwenda kuchungulia dirishani, na mwiko mkononi, nikijifanya namtafuta mtoto wa kuchota maji.

Fumbo la siku ile lilikuwa la kahawa, na mimi nalipenda kwa sababu ya kwetu. Jana shamba la mzee lilitoa debe thelathini na tano. Leo limetoa debe nane pungufu ya jana. Je, siku zote mbili zimetoa debe ngapi? Baraka akaanza, "Kuna mzee, ana kahawa, jana alichuma thelathini na tano, leo nane..."

"Leo nane?" akauliza mwenzake.

"Si imeandikwa nane!"

"Imeandikwa nane pungufu. Leo wamechuma kidogo kuliko jana, lakini si nane!"

"Kwa nini wamechuma kidogo? Mvua?"

"Hatujui, ila kidogo."

 Mwalimu alisimama nyuma yao, hakuwasaidia. Nikaona Baraka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, amefunga mdomo akiwa macho. Kisha akasema, "Aa. Kwa hiyo leo tunaitafuta kwanza." Wakapata ishirini na saba, wakajumlisha, sitini na mbili. Nilitaka kupiga kigelegele nikakumbuka nimeshika mwiko na sipaswi kuwa pale.

Kwa Memori haikuwa rahisi hivyo. Jirani yake alikuwa msichana asiyejua Kinamwanga. Memori alikuwa anaanza, anafika kwenye "pungufu", ananyamaza. Mwalimu akaja kuniomba jambo: asubuhi, pale motoni, nimwache anisimulie fumbo kwa lugha yoyote anayotaka. Nisimwambie jibu. Nisimtafsirie. Nisikilize tu, na pale atakaponyamaza nimwambie maana ya neno lile moja.

Hilo la kutomtafsiria lilinitesa, maana mdomo wangu una haraka. Lakini ndipo nilipojifunza. Kumbe maneno yaliyomzuia hayakuwa mengi, na hayakuwa makubwa. Kahawa alijua, shamba alijua, debe alijua. Aliyokwama nayo ni yale madogo ambayo sisi hatuyaoni: kila mmoja, pungufu, sawa sawa, iliyosalia, badala ya. Ni kama misumari. Nyumba yote unaiona, misumari huioni, lakini ukiitoa hakuna nyumba.

Basi ikawa asubuhi moja anasimulia kwa Kinamwanga chote, misumari tu ya Kiswahili. Baadaye nusu kwa nusu. Kibemba nacho kilikuwa kinaingia akichoka. Mimi nilikuwa nakoroga uji, nasema, "Ehe, halafu?" kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Na kweli nilikuwa nataka kujua. Yule mkulima wa fumbo aligawa magunia, sawa, lakini mtoto wa nne alipata au hakupata?

Mwalimu Mgala, makamu wa mwalimu mkuu, akatukuta. Alisimama mlangoni, mikono nyuma. "Bibi Enesi, hapa ni shule. Kinamwanga kiko nyumbani."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mtihani ni wa Kiswahili. Mtoto akizoea kufikiri kikabila ataandika kikabila. Mnamharibia."

Mwalimu Mgala hakuwa mtu mbaya, na neno lake halikuwa la kipuuzi. Mimi mwenyewe niliogopa hilo hilo. Mwalimu Kibona alikwenda kuzungumza naye, sikuwapo, lakini alirudi akasema tumepewa mpaka mtihani wa majaribio, matokeo yake yataamua.

Mtihani wa majaribio ukaja, na Memori hakufaulu.

Nakuambia, Rehema, siku ile niliunguza uji. Mwalimu Kibona akaja na karatasi. "Tazama lakini," akasema. "Aliyofanya ni sahihi karibu yote. Lakini hakumaliza. Amefika nusu, muda umekwisha. Bado anasimulia kila fumbo lote, polepole, na midomo inacheza. Msimamizi alimkemea mara mbili akidhani anaongea na jirani."

Memori alikuwa amesimama nyuma yake. "Nitaenda Nakonde," akasema. Hakulia. Alisema kama mtu anayetoa habari tu.

Mwalimu Mgala naye akaja, akaitaka karatasi. Nilidhani atasema, "Niliwaambia." Aliisoma ile karatasi kwa muda mrefu, kidole kikipita juu ya mafumbo moja baada ya jingine. "Haya aliyofanya, nani alimsaidia?"

"Hakuna, mwalimu," Kibona akajibu.

"Mwaka jana aliandika ngapi?"

"Hakuandika."

Akarudisha karatasi. "Sasa mfundisheni kufunga mdomo," akasema, akaondoka. Kwa Mwalimu Mgala hiyo ni baraka.

Muda uliobaki hadi mtihani wenyewe tulifanya kazi hiyo tu. Nilimwambia Memori asimulie kwa kunong'ona. Kisha midomo ikicheza bila sauti. Kisha aweke kiganja mdomoni. Kisha mkono chini, macho motoni, na mimi namtazama usoni tu. Nilikuwa najua amefika wapi kwa nyusi zake: akikwama zinapanda, akipita zinashuka. Mwanzoni nilikuwa nahesabu vikombe nikimsubiri. Mwishoni nilikuwa sijamaliza kupanga safu moja anasema jibu. Baraka naye akaanza kuja mapema, hakuna aliyemwita. Alisema anakuja kuota moto. Wakawa wanatungiana mafumbo, yake Baraka marefu kama hukumu ya mahakama, yana mashangazi na malori na mbuzi wasiohusika, ili Memori apotee. Memori alikuwa anasikiliza, anasema, "Mbuzi hawana kazi humu, watoe," na Baraka anaudhika.

Siku ya mtihani niliwapa uji mzito kidogo. Hilo ndilo nililoweza. Mlango wa chumba ulifungwa, na mimi nikabaki na sahani. Mama Beatrisi alipita getini siku ile, jambo ambalo hajawahi kufanya, akauliza kama nina habari. Nikamwambia mtihani bado unaendelea. Akasema, "Aa, nilikuwa napita tu." Banda lake liko upande mwingine kabisa.

Likizo ile ilikuwa ndefu. Wewe umezoea mambo ya simu, mimi nilikuwa nasubiri mtu aje na miguu. Mwezi wa kwanza, wiki ya kufungua shule, Mwalimu Kibona akaja jikoni, simu mkononi, miwani juu ya kichwa. Akakaa kwenye kigoda kile kile. Nikaona anachelewesha, nikamwambia, "Mwalimu, mimi ni mzee, nitakufia hapa."

"Hesabu, C," akasema. "Amepita, Bibi. Anaingia la tano."

C si A, najua. Baraka alipata B akalia, watu wana shida zao. Lakini ile C niliibeba mpaka bandani kwa Mama Beatrisi mwenyewe. Alikuwa na mteja. Aliposikia alimaliza kupima kitenge, akakata, akapokea pesa, mteja akaondoka. Kisha akageuka nyuma akamwambia Memori, "Kesho twende tukapime sare. Ile imekuwa fupi." Ni hivyo tu.

Si kila mtoto wa darasa lile alifaulu, nikuambie ukweli. Wapo waliosimulia vizuri na kugawanya vibaya, na hao hata dawa yetu haikuwafaa. Wapo waliokuwa na njaa. Mwalimu Kibona bado anafanya vile, na ndiyo maana darasa lake la nne likija jikoni linarudisha ujumbe hata bila wewe kuagiza. Waache. Na wewe ukimtuma mtoto akakutazama tu kimya, usiseme kwa sauti kubwa zaidi. Mwambie akusimulie, kwa lugha yoyote, hata usiyoijua. Utaona usoni pale anaposimama.

Memori alikuja kuniaga siku yangu ya mwisho kazini. Sasa Kiswahili chake kinakimbia, kina kalafudhi ka Nakonde kwa mbali, kama chumvi. Tulikaa motoni. Kulikuwa na jambo moja nililokuwa nataka kumwuliza siku zote, nikawa naogopa kumchanganya kabla hajapita.

"Memori, siku ile ya mtihani, ulijisimulia kimoyomoyo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa lugha gani? Kinamwanga? Kiswahili?"

Akafikiri sana. Nyusi zikapanda. Akatazama moto.

"Sikumbuki, Bibi. Sikusikia maneno. Nilimwona tu yule mama wa kwenye fumbo, anagawa mahindi yake."